Kukumba, Kukumbatia, Kukumbatiana: Maana na Matumizi ya Neno Moja Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Utangulizi

Miongoni mwa vitenzi ambavyo matumizi yake yamepanuka sana katika vyombo vya habari, majukwaa ya siasa na vitabu vya shule, kitenzi kumbatia kina nafasi ya pekee. Mama humkumbatia mwanawe. Wakati huohuo tunasoma kwamba wakulima wamekumbatia mbegu mpya, kwamba vijana wakumbatie amani, na kwamba kiongozi fulani anakumbatia mafisadi. Neno ni lile lile, ila mara hubembeleza, mara huagiza, mara hushtaki. Msomaji asipokuwa makini atadhani kwamba maana hizi zote ni sawa na kwamba kinachobadilika ni yambwa tu.

Makala haya yanadhamiria kueleza maana na matumizi ya kitenzi hiki kwa kuanzia katika umbo lake, kisha kuyatazama matumizi hayo katika mazingira mahususi ya Garissa na uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani kaunti za sasa za Garissa, Wajir na Mandera. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili hapa ni lugha ya pili kwa wengi. Wasomali, ambao ndio wengi, huzungumza Kisomali nyumbani, ingawa kando ya Mto Tana wapo pia Wamunyoyaya wenye lugha yao ya Kikushi. Pili, ni vigumu kupata eneo jingine nchini Kenya ambalo historia yake imesimuliwa sana kwa maneno yanayotokana na mzizi huu mmoja. Watu wake wamesemwa kuwa wamekumbwa, wametuhumiwa kuwa wanakumbatia, na wameagizwa wakumbatie. Swali la makala haya ni hili: ni lini watasemwa kuwa wamekumbatiana na wenzao?

Mzizi na Mnyambuliko

Kitenzi kumba kina maana kadhaa. Maana ya kwanza ni kusukuma kwa mwili, hasa kwa bega. Hapo ndipo tulipopata nomino kumbo na kikumbo, na usemi kupigana vikumbo. Maana ya pili ni kuchukua vyote kwa pamoja bila kubakisha, kama mfanyabiashara anavyokumba bidhaa zote sokoni. Kutokana na dhana hii ya wingi unaokwenda kwa pamoja tunasema kufuata mkumbo. Maana ya tatu ni ya jambo baya kumpata mtu: njaa imewakumba, maradhi yamemkumba. Katika kauli ya kutendana hupatikana kumbana, ambayo hutumika kwa maana ya kukabiliana na jambo: kukumbana na matatizo.

Tukiongeza kiambishi -at- tunapata kumbata. Kiambishi hiki hakina uzalishaji mkubwa katika Kiswahili cha leo, lakini alama zake zimo katika vitenzi tunavyovitumia kila siku. E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikihusisha na dhana ya mgusano. Tazama jozi zifuatazo: fumba na fumbata, kama na kamata, kumba na kumbata. Anayefumba mkono huukunja tu, ilhali anayefumbata ana kitu ndani ya kiganja. Anayekama ng'ombe huminya chuchu na kuachia, ilhali anayekamata haachii. Mfano huu wa mwisho hauhitaji maelezo marefu kwa mwanafunzi aliyelelewa katika jamii ya wafugaji. Vivyo hivyo, anayekumba hugusa kwa nguvu na kupita, ilhali anayekumbata hugusa na kubaki. Kiambishi -at- kimegeuza pigo kuwa mshiko.

Hatua ya tatu ni kuongeza kiambishi -i- cha kauli ya kutendea, nacho hutupa kumbatia. Kwa kawaida kauli ya kutendea huashiria kufanya jambo kwa niaba ya mtu au kwa kumwelekea. Hapa maana hiyo imefifia, kwani kumbata imekuwa adimu na kumbatia imechukua nafasi yake kama umbo la kawaida. Hata hivyo, dalili ya mwelekeo bado ipo: anayekumbatia humwelekea anayekumbatiwa. Kutokana na umbo hili tunapata kumbatiwa, kumbatiana, na nomino kumbatio.

Kwa hiyo, kukumbwa na kukumbatiwa ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili ni mguso wa mwili na mwili. Tofauti imo katika viambishi vichache tu, lakini ndani ya tofauti hiyo ndogo mna tofauti kati ya maafa na mapenzi.

Maana ya Msingi na Majirani Zake

Maana ya msingi ya kumbatia ni kumzungushia mtu au kitu mikono na kukisogeza kifuani. Sifa zake tatu hazina budi kutajwa: mikono miwili, mzunguko, na kifua. Sifa hizi ndizo zinazolitenga neno hili na majirani zake. Kupakata ni kuweka mapajani. Kueleka ni kubeba mtoto mgongoni au ubavuni. Kufumbata ni kushika ndani ya kiganja. Kuambata ni kushikamana na kitu kwa kunata au kuandamana nacho. Kupambaja, ambalo wasomaji wa ushairi wa pwani wanalifahamu, ndilo lililo karibu zaidi na kumbatia, na mara nyingi hubeba hisia za mahaba au za shauku ya kuonana baada ya kutengana.

Maana ya msingi haihitaji mtu wa pili. Mtoto hukumbatia mto wake, mgonjwa hukumbatia magoti, na aliyeshikwa na baridi hujikumbatia. Aidha, haihitaji mapenzi. Wacheza miereka hukumbatiana ili mmoja amwangushe mwenzake, na bondia aliyechoka humkumbatia mpinzani wake ili asipigwe. Jambo hili tulihifadhi, maana litatufaa mbele: umbo la neno halitoi dhamana ya nia ya mtendaji.

Katika mazingira ya Garissa, maana ya msingi ina mipaka ya adabu ambayo mwalimu hana budi kuitambua. Jamii ya hapa ni ya Kiislamu kwa sehemu kubwa, na katika maadili yake mwanamume na mwanamke wasio maharimu hawakumbatiani. Wanaume kwa wanaume, na wanawake kwa wanawake, huamkiana kwa mkono na kwa kukumbatiana, hasa baada ya safari au katika siku za Idi. Tungo kama "Mgeni alimkumbatia binti wa mwenyeji" ni sahihi kisarufi, lakini darasani Garissa itazua mguno, na mguno huo ni sehemu ya maana. Semantiki haiwezi kutenganishwa na pragmatiki.

Maana Pana

Kutokana na maana ya msingi yamechipuka matumizi ya kisitiari, nayo yanaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni la kung'ang'ania. Tunasema tajiri amekumbatia mali au mzee amekumbatia kiti cha uenyekiti. Hapa kifua hakiashirii tena upendo bali uchoyo, na mzunguko wa mikono umekuwa ukuta wa kuwazuia wengine.

Kundi la pili ni la kupokea jambo jipya kwa moyo: kukumbatia elimu, kukumbatia teknolojia, kukumbatia mabadiliko. Matumizi haya yameshamiri mno, na hapana shaka tafsiri kutoka Kiingereza imeyapa msukumo. Si kosa kwa lugha kupanua maneno yake kwa njia ya tafsiri, lakini ni hasara neno moja linapoyafukuza mengine yaliyo sahihi zaidi. Mfano mzuri ni dini. Mtu aliyeingia katika Uislamu amesilimu. Kiswahili kina neno hili, na Garissa linajulikana na kila mtu. Kuandika kwamba "alikumbatia Uislamu" ni kuliacha neno lenye historia na kuazima kivuli cha neno la kigeni. Vivyo hivyo, kuna kupokea, kukubali, kuridhia, kuasili, kuzingatia na kufuata. Mkulima huzingatia ushauri, bunge huridhia mkataba, mgonjwa hufuata maagizo. Si lazima wote wakumbatie.

Kundi la tatu ni la kulinda au kuficha uovu: kukumbatia mafisadi, kukumbatia wahalifu, kukumbatia ukabila. Hapa neno lina makali ya shutuma. Anayekumbatia hatuhumiwi kutenda uovu wenyewe, bali kuuzungushia mikono yake usionekane wala usiguswe. Ni tuhuma rahisi kutolewa na ngumu kukanushwa, kwa sababu haitaji tendo lolote mahususi.

Kundi la nne ni la kujumuisha: sera inayokumbatia wote, katiba inayokumbatia jamii zote. Katika matumizi haya aghalabu mtendaji si mtu bali ni taasisi au nchi, na wanaokumbatiwa ni wale waliokuwa wameachwa nje. Kinyume chake katika Kiswahili ni kutenga.

Wamekumbwa, Wanakumbatia, Wakumbatie

Baada ya kuyapanga makundi haya, sasa tuyatazame matumizi ya mzizi huu katika habari za Kaskazini Mashariki. Ukifuatilia utaona kwamba watu wa eneo hili hujitokeza katika nafasi tatu za kisarufi, kila nafasi na historia yake.

Nafasi ya kwanza ni ya kutendwa: wamekumbwa. Ni kauli iliyozoeleka zaidi. Mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998 yaliwakumba. Ukame wa 2011 uliwakumba, na ule wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo na kuwaacha wafugaji mikono mitupu. Mwishoni mwa 2023 Mto Tana ukafurika tena. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu kishiriki cha Garissa kilishambuliwa, watu 148 wakauawa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Katika tungo za aina hii mtendaji ni mvua, jua, au mshambuliaji. Mkazi ni mtendwa tu, na kitenzi hakituelezi alifanya nini baada ya kukumbwa. Isitoshe, kauli hii huficha sababu. Tukisema njaa imewakumba, ni kana kwamba njaa ilishuka kutoka mbinguni. Lakini Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyodhaniwa kuwa na uwezo mkubwa wa uzalishaji, na maeneo kame ya kaskazini yakasahauliwa. Ukame ni wa Mungu. Barabara isiyojengwa na kisima kisichochimbwa si vya Mungu.

Nafasi ya pili ni ya mtendaji mshtakiwa: wanakumbatia. Haya ni yale matumizi ya kundi la tatu. Tangu vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, wakazi wa eneo hili wameishi chini ya tuhuma ya jumla kwamba wanakumbatia waasi, majangili, na baadaye magaidi. Tuhuma hiyo haikubaki maneno. Mwaka 1980 mitaa ya Garissa iliteketezwa katika operesheni ya vikosi vya usalama. Februari 1984 yakatokea mauaji ya Wagalla huko Wajir. Mwaka 1989 serikali iliendesha usajili wa kuwachuja Wasomali wa Kenya ili wathibitishe uraia wao. Sheria ya Kinga ya mwaka 1970 ilikuwa tayari imewakinga maafisa wa serikali dhidi ya mashtaka yaliyotokana na operesheni za miaka ya Shifta. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyoripoti mwaka 2013 iliyaandika mengi ya mambo haya. Mwanafunzi wa lugha anapaswa kujiuliza ni kwa vipi kitenzi cha mapenzi kiliweza kubeba hukumu ya umma mzima. Jibu ni lile tulilolitaja: kukumbatia uovu ni kosa lisilo na tendo mahususi, na kosa lisilo na tendo linaweza kubandikwa mtu yeyote, kijiji chochote.

Nafasi ya tatu ni ya kuamrishwa: wakumbatie. Hapa kitenzi kimo katika dhamira tegemezi. Wazazi wakumbatie elimu ya wasichana, vijana wakumbatie amani, wafugaji wakumbatie kilimo, wanafunzi wakumbatie Kiswahili. Mambo haya yote ni mema. Ila muundo wenyewe una dhana iliyofichika, kwamba anayeamrishwa hajafanya jambo hilo bado na kwamba kikwazo ni moyo wake. Chukua mfano wa elimu. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilishambuliwa na abiria 28 wakauawa, walimu wakiwa miongoni mwao. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa. Baada ya mashambulizi kama haya walimu wengi wasio wenyeji waliondoka au wakahamishwa, na madarasa mengi yakabaki bila walimu wa kutosha, wakiwemo wa Kiswahili. Kumwambia mtoto aliyeketi katika darasa lisilo na mwalimu kwamba akumbatie Kiswahili ni kumtaka azungushe mikono hewani. Kukumbatia kunahitaji kitu cha kukumbatiwa kiwepo.

Kukumbatiana

Inabaki nafasi ya nne, ile ambayo ni adimu katika habari lakini ndiyo yenye uzito. Kiambishi -an- cha kauli ya kutendana huwafanya washiriki wote wawe watendaji na watendwa kwa wakati mmoja. Katika "Serikali imewakumbatia wakazi" kuna mkubwa na mdogo. Katika "Wamekumbatiana" cheo hakionekani.

Mfano wa tendo hili ulipatikana tarehe 21 Desemba 2015 karibu na El Wak, Kaunti ya Mandera. Basi lililokuwa likitoka Nairobi kuelekea Mandera lilisimamishwa na washambuliaji wa Al-Shabaab, na abiria Waislamu wakatakiwa wajitenge na Wakristo. Walikataa. Baadhi ya wanawake Waislamu walikuwa wamewapa wenzao vitambaa vya kujifunika ili wasitambulike. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi katika tukio hilo na akafariki Januari 2016. Si lazima mtu yeyote awe alimzungushia mwenzake mikono kimwili ndipo tuseme walikumbatiana. Neno kinyume, kutenga, ndilo lililotolewa kama amri, na abiria wakajibu kwa kitendo kilicho kinyume chake. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kisa hiki ndicho msingi wa filamu fupi iitwayo Watu Wote, iliyotolewa mwaka 2017 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Wahusika wake huzungumza Kiswahili na Kisomali, na jina lake lenyewe ni Kiswahili. Kwa wanafunzi wa fasihi ni vyema kuona kwamba tukio la Mandera lilipotafuta jina la kuupa ulimwengu lilikuta Kiswahili kiko tayari.

Yupo atakayesema kwamba kauli ya kutendana ni umbo tu, nayo haileti usawa. Hoja hii ina uzito, na tumeshataja mabondia. Mfano wa karibu na huo ni wa tarehe 9 Machi 2018, Uhuru Kenyatta na hayati Raila Odinga walipopeana mikono mbele ya jengo la Harambee, na tendo hilo likaitwa handisheki. Kupeana mikono ni kutendana pia, na wananchi waliligombania kwa miaka iliyofuata: wengine waliliona kuwa ni amani, wengine kuwa ni mapatano ya wakubwa. Lakini mfano huohuo unatusaidia kuona tofauti. Handisheki hutumia mkono mmoja, na mwili hubaki mbali. Kumbatio hutaka mikono miwili na kifua. Methali yetu husema mkono mmoja haulei mwana. Kwa hiyo, katika kupima iwapo kukumbatiana ni kwa kweli, tusitazame umbo la kitenzi peke yake bali tuulize: je, kila upande umetoa mikono yake yote miwili?

Kwa kipimo hicho tunaweza kuitazama mipango ya umma. Katiba ya 2010 iliunda Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa, na ibara yake ya 7 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Chuo kilichoshambuliwa kilifunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Garissa. Februari 2025 tamko la rais la kuondoa uchujaji wa ziada wa waombaji vitambulisho katika kaunti hizi lilitiwa sahihi Wajir. Hayo yamo upande wa taifa. Upande wa wenyeji nao hauko mikono mitupu. Tangu 1991 wenyeji wa Dadaab wameishi na kambi za wakimbizi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, ambazo wakati wa ukame wa 2011 zilihifadhi zaidi ya watu 400,000. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema methali, na hapa mwenyeji alimpokea mgeni naye mwenyewe akiwa taabani. Mpango wa serikali wa kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji uliozinduliwa Machi 2025 umepewa jina la Kiswahili, Shirika. Waliolichagua jina hilo walijua kwamba kushirikiana ni kauli ya kutendana.

Mguso wa Kisomali

Haifai kumaliza mjadala huu bila kukitazama Kisomali, kwa kuwa ndicho kilichomo kinywani mwa mwanafunzi wa Garissa anapokuja darasani. Lugha hizi mbili ni za nasaba tofauti, moja ya Kikushi na nyingine ya Kibantu, lakini katika dhana ya ukaribu zinakutana. Msomali anapomkaribisha mgeni husema soo dhowow, yaani sogea karibu. Sisi husema karibu. Kila lugha imejenga ukaribisho wake juu ya kupunguza umbali kati ya miili miwili, na kumbatio ni umbali huo ukiisha kabisa. Aidha, Kisomali huuita umoja isku duubni, neno lililojengwa juu ya kitenzi chenye maana ya kukunja au kuviringa. Walioungana ni waliokunjwa pamoja. Sifa ya mzunguko, tuliyoiona katika maana ya msingi ya kumbatia, imo humo pia.

Kwa upande wa sarufi lipo jambo la kuangaliwa. Kisomali hutumia neno moja, is, kuonyesha kwamba mtu amejitenda mwenyewe na pia kwamba watu wametendana. Kiswahili hutenganisha: ji- kwa kujitenda na -an- kwa kutendana. Mwanafunzi anayefikiri kwa Kisomali anaweza kuandika "Ndugu wawili walijikumbatia" akikusudia kwamba walikumbatiana. Mwalimu asiyejua chanzo cha mkanganyiko huu atatia alama nyekundu na kupita. Mwalimu anayejua atasimama na kueleza kwamba anayejikumbatia yuko peke yake na baridi yake, na anayekumbatiana yuko na mwenziwe. Somo la kiambishi kimoja litakuwa limekuwa somo la maisha, na mwanafunzi hatalisahau.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kumbatia si neno la maana moja iliyotapakaa, bali ni neno lenye ngazi. Kutoka kumba ya pigo, kupitia kumbata ya mshiko, limefikia kumbatia ya kifua. Kisitiari limeelekea kwenye kung'ang'ania, kupokea, kuficha uovu na kujumuisha. Imeonyeshwa pia kwamba katika Kaskazini Mashariki mwa Kenya maana hizi hazikugawanywa kwa usawa: wenyeji wamepewa kwa wingi kukumbwa, wametuhumiwa kukumbatia, wameagizwa wakumbatie, na kwa nadra wametajwa katika kauli ya kutendana.

Wanafunzi wenzangu, pamoja na walimu wetu, tuna wajibu wa aina mbili. Kama wataalamu wa lugha, tulinde wingi wa msamiati wetu: asilimuye aandikwe kuwa amesilimu, azingatiaye aandikwe kuwa amezingatia, na kumbatia ibaki na kazi yake. Kama waandishi, wahariri na walimu wa kesho, kabla ya kuandika kwamba watu fulani wanamkumbatia mhalifu tudai tulitaje tendo: nani, lini, kwa kufanya nini. Na kabla ya kuwaandikia watu fulani kwamba wakumbatie jambo, tuulize kwanza kama jambo hilo limefikishwa mahali ambapo mikono yao inaweza kulifikia.